Barakoa Haikai Juu ya Ndevu

"Ndevu au kazi," mkufunzi alisema. "Chagua moja kabla ya chakula cha mchana."

Darasa zima liligeuka kumtazama mwanamume aliyekaa benchi la nyuma. Waligeuka kwa furaha, kama watu wanaosubiri mwenzao ateleze kwenye tope. Tangu mafunzo yaanze walikuwa wakimwita Ndevu, na jina hilo ndilo alilobandika kifuani, limeandikwa kwa wino mnene juu ya kipande cha utepe. Kila mmoja wao alikuwa na jina la namna hiyo. Mtu akishavaa ovaroli nyeupe, kofia, glavu na barakoa, hata mama yake mzazi hamtambui.

Wote, hata Ndevu aliyehamia majuzi tu, walikuwa wakazi wa nyumba zilizo nyuma ya ukuta wa kiwanda cha zamani, kile kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa, lakini madini ya risasi yenye sumu yalibaki kwenye udongo wa nyua zao. Sasa walikuwa wakifundishwa kuuondoa udongo huo kwa mikono yao wenyewe, ua mmoja baada ya mwingine, na kulipwa mshahara. Wiki za kukaa darasani zilikuwa zimekwisha. Kesho wangeingia ndani ya kamba inayozungushiwa ua wa kuchimbwa.

"Barakoa haikai juu ya ndevu," mkufunzi aliendelea, akiinua barakoa yake ya mpira yenye kioo cha macho na vichujio viwili mashavuni. "Ikikaa juu ya nywele inavuja. Ikivuja, vumbi linaingia. Vumbi likiingia, mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza mkeo."

"Hana mke bado," alidakia Shangazi, mama mmoja mnene ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale na alikuwa shangazi wa wote. "Na ukimnyoa hampati. Hizo ndevu ndizo zilizomtongozea Chiriku."

Watu walivunjika mbavu. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa, siku hiyo aliufunga. Aliinama akajifanya anakaza kamba za viatu.

"Siwezi kubaki nje nikabeba maji?" Ndevu aliuliza.

"Wabeba maji ninao. Nakutaka wewe."

Ndevu hakumtazama mkufunzi. Alimtazama Chiriku, akamtazama kwa muda mrefu, na Chiriku akadhani anamwonea haya. Moyo wake ukalainika kama nta.

"Basi nanyoa," alisema Ndevu.

* * *

Alinyolewa nyuma ya stoo, karibu na bomba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi alileta mkasi na wembe mpya, kisha akakataa kuondoka, eti vijana wawili na bomba la maji si kitu cha kuachwa peke yake.

"Ninyoe wewe," Ndevu alimwambia Chiriku.

"Mimi? Sijawahi kunyoa hata kuku."

"Wewe ni mwenza wangu. Kazi ya mwenza ni nini?"

Chiriku aliikariri kama mtoto wa shule. "Kumfunga mwenzake, kumkagua mwenzake, kumtoa mwenzake."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza waliyofundishwa. Hakuna aingiaye ndani ya kamba peke yake. Wanaingia wawili wawili, na kila mmoja roho yake imo mikononi mwa mwenzake. Mkufunzi aliwapanga Ndevu na Chiriku pamoja kwa sababu walilingana urefu. Mengine waliyapanga wenyewe.

Alianza na mkasi. Nywele nyeusi zilianguka mapajani mwa Ndevu kwa mafungu. Kisha akashika wembe, akaupitisha taratibu juu ya povu, na shavu likatokea, laini, jeupe kidogo kuliko sehemu nyingine ya uso.

"Wewe kumbe una miaka kumi na minane," alimtania.

"Usinichekeshe, utanikata."

"Nikikukata utalia?"

"Kwa mkono wako, sitalia."

"Mnasikia hayo maneno?" Shangazi aliliuliza bomba. "Marehemu mume wangu aliniambia mara moja tu kwamba napika vizuri, na hapo alikuwa na homa."

Wembe ulishuka hadi kidevuni. Hapo Chiriku alisimama. Kidevu cha Ndevu kilikuwa na bonde katikati, limezama vizuri, kana kwamba Muumba alipomaliza kumfinyanga alimshika hapo kwa kidole akamtazama kabla ya kumwachia. Chiriku alipangusa povu, akaweka kidole gumba chake ndani ya lile bonde. Kilienea.

"Kitu kizuri hivi, ulikificha kwa nini?"

Ndevu alifumba macho. "Uvivu tu."

Kisha akasema, "Chiriku, leo nisiende kwa mama. Niende siku nyingine."

"Toka lini umekuwa mwoga? Mama ameshatandika kitambaa kipya mezani. Kesho utaingia uani kwetu umefunikwa kama mzigo. Sitaki mama amjue mkwewe kwa buti. Aone uso kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Ua wa kwanza kusafishwa ulikuwa wa nyumbani kwao Chiriku, kwa kuwa ndio uliopakana na ukuta wa kiwanda.

"Aone uso," Ndevu alirudia. Akafumbua macho. "Haya. Twende."

Alikubali vile mtu anavyokubali sindano. Chiriku hakuliona hilo. Alikuwa akimkausha kidevu kwa upindo wa kanga.

Mchana barakoa zilipimwa. Kila mmoja alivaa yake, akafunikwa kichwa kwa mfuko mpana wa plastiki, na mwenzake akapuliza ndani ya mfuko dawa chungu isiyo na madhara. Ukiuonja ule uchungu mdomoni, barakoa yako inavuja. Chiriku alipuliza mara ya kwanza, akapuliza tena.

"Unasikia uchungu?"

"Sisikii," Ndevu alijibu kutoka ndani.

"Huyo hata ukimnywesha mwarobaini leo atasema ni asali," alisema Shangazi.

Chiriku alicheka, na kimoyomoyo akashukuru. Ee Mungu, nilikuomba mume mwenye huruma, nawe umenizidishia na kidevu. Kila jioni, kwa mwaka mzima, alikuwa ameomba ombi hilo hilo. Aliamini amejibiwa.

* * *

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Waliingia wakamkuta dirishani, mguu ukikanyaga, mkono ukiongoza kitambaa chini ya sindano.

"Shikamoo, mama," alisema Ndevu.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Kaa, kaa kwanza, nimalizie mshono huu usije ukanisaliti." Hakuinua kichwa. "Ndiye wewe basi. Binti yangu akianza kukusifia, chai inapoa mikononi mwake. Nikamwambia, mlete huyo malaika nimpime kola."

"Mama!" alisema Chiriku.

"Mama nini? Mimi nikishapima shingo ya mtu najua kama ni mkaidi."

Ndevu alikaa kwenye ukingo wa kiti. Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kinanukia mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya mtoto wa kike mwenye meno mawili ya mbele, anacheka. Ndevu aliitazama mara moja, hakuitazama tena.

Mama alikata uzi kwa meno. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akageuka na tabasamu lake lote.

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yaliondoka. Mguu wake ulikanyaga cherehani mara mbili tatu bila kitambaa, sindano ikatoboa hewa, kisha ukasimama.

"Sogea kwenye mwanga," alisema.

Ndevu alisogea.

"Geuka upande. Sasa nitazame." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Cheka."

"Mama, nini tena?" Chiriku alicheka mwenyewe, akidhani ni mzaha.

"Sikusemi wewe. Wewe kijana, cheka. Kidogo tu, kama mtu anayempokea mgeni asiyemtaka mlangoni kwake."

Ndevu alijaribu. Midomo ilivutika, bonde la kidevuni likazama zaidi.

"Ndiye," mama alisema. Aliweka mkasi mezani polepole. "Baba yako yuko hai?"

"Amefariki, mama."

"Alikuwa msimamizi wa kiwanda."

"Ndiyo, mama."

Chiriku aliwageukia. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Alifia wapi? Njiani?"

"Kitandani."

"Kwenye shuka?"

"Ndiyo."

"Akipewa maji kwa kijiko?"

"Ndiyo."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Una mkono mzuri," mama alisema. "Mwanangu mimi hata maji hayakumpita. Alikuwa ameuma meno kwa degedege, maji yakammwagikia shingoni."

Kisha akamsimulia, na alisimulia kama fundi anayemweleza mteja kuhusu suruali. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, nyua zote zimekuwa tope. Msimamizi akaja na lori la kokoto nyeusi kutoka kiwandani. Yalikuwa mabaki ya betri zilizoyeyushwa, lakini nani alijua? Akashuka mwenyewe, akafungua bodi ya nyuma mwenyewe. Akasema ni bure, mtandaze, ni ngumu kama saruji. Watu walizoa kwa beseni, kwa karai, kwa kanga.

"Mimi nilimshika mkono," alisema mama. "Nilimwambia, Mungu akubariki wewe na kizazi chako. Nilitamka kwa kinywa hiki. Mwanangu mdogo akawa anashinda hapo nje, anachimba zile kokoto kwa kijiko cha chai, anaonja, anacheka. Alipoanza kuumwa nilimbeba hadi getini kwa baba yako. Alitoka. Akacheka hivyo hivyo ulivyocheka. Akaniambia, mtoto anakula udongo kwa sababu ana njaa, mlishe."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati.

"Kila alfajiri namwomba Mungu aiondoe ile baraka. Naona ameishikilia tu. Wewe hapo umenenepa."

"Mama, yeye alikuwa mtoto," Chiriku alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ukimtaka, mfuate." Mama alirudi kwenye cherehani, akatafuta uzi. "Sikulaani, mimi naogopa kumtamkia mtoto wa mtu lolote tangu siku ile. Ila usije ukanizalia mjukuu mwenye kidevu hicho, ukanipa nimpakate." Akachomeka uzi kwenye tundu la sindano. "Na wewe, kesho ni zamu ya ua huu. Uje uchimbe. Ukimaliza, nisikuone tena."

* * *

Chiriku alimfuata hadi uchochoroni. Jua lilikuwa bado juu, watu wakipita na madumu ya maji, wakimsalimu Ndevu bila kumjua, kisha wakigeuka kumtazama mara ya pili. Hapakuwa na mahali pa kujificha.

"Ulijua?" aliuliza.

"Kwamba baba alikuwa msimamizi, nilijua. Ndiyo sababu nilirudi. Alipokuwa anakufa hakuzungumza kitu kingine, ni zile kokoto tu. Nilitaka kuzitoa."

"Sijauliza hilo. Nauliza habari za mdogo wangu. Ulijua lini?"

"Siku uliponisimulia. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za darasa."

"Tukigawana chungwa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia."

"Na wewe ukaendelea kula."

Ndevu aliinamisha kichwa. "Nikaendelea kula. Sikujua nifanye nini na mikono yangu."

Chiriku alitaka kumpiga. Alitaka pia kukiweka kile kichwa kifuani pake. Alisimama katikati ya matamanio hayo mawili, akajishika viwiko.

"Kuna jingine," Ndevu alisema. "Heri ulisikie kwangu. Unaikumbuka honi ya lori?"

Aliikumbuka. Nani angeisahau? Lori lilikuja likipiga honi ndefu, ndefu, kama gari la harusi, na watoto wote wakalikimbilia. Yeye alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, akakimbia, na mtoto alikuwa akipiga makofi juu ya mabega yake.

"Honi ile niliipiga mimi," alisema Ndevu. "Baba alinipakata kwenye usukani, akaniambia, piga, waite watu. Nilifurahi sana. Nilipiga mpaka akanikataza."

Neno la kusema Chiriku alikuwa nalo. Ulikuwa mtoto. Alikuwa ameshalisema mle ndani, kwa mama. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, dogo, jepesi, na aliona usoni mwa mwanamume yule kwamba lilikuwa ndilo pekee alilokuja kuliomba. Alikuwa amelifuata safari ndefu. Chiriku alilimeza. Alilimeza huku akimtazama machoni, ili Ndevu aone linavyokwenda.

"Ungeweza kuacha kazi asubuhi," alisema. "Ungesema hunyoi, ungeondoka zako. Kwa nini ulinyoa?"

"Nilichoka kupendwa na mtu asiyenijua."

"Na ukaona mkono wa kukunyoa uwe wangu."

"Peke yangu nisingethubutu."

"Basi umenitumia." Alicheka kicheko kifupi kibaya, akajishangaa kukisikia. "Baba yako alimhadaa mama kwa kumpa kokoto za bure. Wewe umenipa wembe. Mnajua kugawa nyie."

Ndevu alipokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo aliouagiza. Alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika.

"Nimwombe mkufunzi akubadilishie mwenza?"

"Siku ya kwanza habadilishi, atatufelisha wote. Kesho njoo mapema." Aliona mwanga ukipita usoni mwa Ndevu, tumaini dogo la kijinga, na akaliacha limulike kidogo kabla ya kulizima. "Usichelewe. Mama hapendi kusubiri."

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Alfajiri alipiga magoti. Alitaka kuomba hekima, kisha akataka kuomba msamaha, lakini hakujua aombe wa nani. Kila neno lilipofika kooni liligeuka kuwa honi. Mwisho aliomba kitu kimoja. Ee Mungu, nipe moyo mgumu, kwa leo tu. Aliinuka akiona aibu. Lakini mara nyingine Mungu humpa mtu kile kile alichokiomba.

* * *

Kamba ya njano ilizungushwa uani, kutoka ukuta wa kiwanda hadi kizingiti cha mlango. Mkufunzi alimwomba mama ahamie kwa jirani hadi kazi iishe. Mama alikataa. Walipatana afunge dirisha, akae nyuma ya kioo. Alikaa pale mbele ya cherehani, mikono mapajani, hashoni.

"Funganeni," mkufunzi aliamuru.

Chiriku alimfunga Ndevu. Utepe wa gundi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Utepe kwenye buti. Kofia. Barakoa. Alifanya kila kitu jinsi alivyofundishwa, bila haraka, bila kuruka kitu, na kila mara mkono wake ulipomgusa Ndevu aliuona mwili ule ukisubiri. Ndevu alikuwa amenyoa upya asubuhi hiyo. Palikuwa na mkato mdogo karibu na sikio.

Sehemu ya mwisho kukaguliwa ni chini ya kidevu, maana hapo ndipo mpira hupenda kuachia. Mwenza hubonyeza kwa kidole gumba, mwenzake anavuta pumzi. Chiriku aliweka kidole pale pale. Chini ya mpira alilisikia lile bonde. Ndevu alivuta pumzi na macho yake, nyuma ya kioo, yakamwomba.

"Haivuji," Chiriku alimwambia mkufunzi. Kisha Ndevu naye akamfunga yeye.

"Chiriku leo amekuwa bubu," Shangazi alisema, akiwa nje ya kamba na ndoo zake za maji. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama na yule aliyeko dirishani. Hakutania tena.

Walichimba. Tabaka la juu lilikuwa udongo tu, chini yake kokoto nyeusi, zimekamatana kama alivyoahidi msimamizi. Ndevu alipiga sululu, Chiriku alinyunyiza maji vumbi lisiinuke, kisha wakajaza magunia. Ndani ya barakoa hakuna mazungumzo, kwa hiyo walifundishwa ishara. Kila baada ya muda mmoja huweka kiganja juu ya kichwa, maana yake, niko salama, wewe je? Mwenzake hana budi kujibu hivyo hivyo, la sivyo kazi inasimama.

Ndevu aliweka kiganja kichwani. Chiriku alihesabu pumzi zake kwanza, ndipo akajibu. Safari iliyofuata akamchelewesha zaidi. Alimwona akisimama pale katikati ya shimo, mkono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa, akisubiri ruhusa ya kuendelea. Dirishani mama alikuwa akiona.

Jua lilipofika utosini, sululu ilifukua kitu kikang'aa. Ndevu alipiga magoti, akakitoa kwa vidole. Kilikuwa kijiko cha chai, kimepinda shingo. Alikishika viganjani mwake vyote viwili. Mabega yalianza kumtetemeka, na ndani ya barakoa mtu hawezi kujifuta machozi.

Mlango ulifunguliwa. Mama alisimama kwenye kizingiti, ncha za viatu zikigusa kamba.

"Nipe," alisema.

"Mama, rudi ndani!" alifoka mkufunzi. Kisha akakiona kijiko, akawaona watu wote wamesimama, akashusha sauti. "Chuma kinaoshwa. Mtoeni yeye na kijiko chake, kioshwe kwanza."

Kwenye karai la kuoshea wanaotoka ndani ya kamba, Ndevu alikisugua kijiko kwa brashi na sabuni, akakisuuza, akakisugua tena, kana kwamba hataki kimalizike. Chiriku naye alimsugua yeye. Mabega, mgongo, mikono. Akabandua utepe. Akaikunja ovaroli kutoka juu kwenda chini, ndani nje, bila kugusa ngozi, hadi mwanamume akabaki na fulana iliyoloa. Mwisho kabisa akamvua barakoa. Uso ulikuwa umejaa machozi, umechorwa alama nyekundu za mpira, uko wazi kabisa.

"Mwenza ametoka salama!" Chiriku alipaza sauti. Ndivyo sheria inavyotaka.

Ndevu alimpelekea mama kijiko kwa mikono miwili. Mama alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole penye shingo iliyopinda. Kila aliyekuwa na tumaini pale uani alilishikilia.

"Umenirudishia kijiko," mama alisema. "Sasa nenda."

Akaingia ndani. Baada ya muda cherehani ilianza kulia.

Ndevu alimgeukia Chiriku. Chiriku alikuwa bado upande wa pili wa kamba, amefunikwa utosi hadi wayo, macho tu nyuma ya kioo.

"Chiriku," alisema. "Neno moja."

Sauti ndani ya barakoa hutoka kama ya mtu aliye kisimani. Ilimbidi Chiriku aipaze, na ua mzima ukasikia.

"Usifuge tena ndevu! Popote utakapokwenda, watu wakuone."

Ndevu aliitikia kwa kichwa. Alipitia katikati ya wenzake, na wakampisha njia, hakuna aliyemgusa. Hatua zake zilikuwa za mtu aliyevuliwa kila kitu. Alipokata kona penye ukuta wa kiwanda hakugeuka, na Chiriku, aliyekuwa amejiandaa kutomtazama akigeuka, alibaki na maandalizi yake.

Mkufunzi aliita watu wakusanye magunia. Shangazi alisogea hadi kwenye kamba, akanong'ona, "Toka sasa, mwanangu. Toka upumzike."

Chiriku aliweka kiganja juu ya kichwa chake. Alikiweka kwa mazoea, akatazama kule mwenzake alikokuwa amesimama shimoni, akasubiri. Ndipo alipokumbuka kwamba mtu hajivui mwenyewe. Utepe ulikuwa umemkaza mikononi, machozi yalikuwa yanamjaa ndani ya mpira hadi mdomoni, machungu, na aliyepaswa kumtoa alikuwa ameshakata kona.